Nchi Iliyoponywa kwa Salamu

Nchi ninayotaka kuisimulia haiko karibu na hapa, kwa hiyo msomaji usigeuke kutazama nyuma. Iko mbali sana. Watu wake hawafanani na sisi hata kidogo, viongozi wake ndio kabisa, na kama humu kuna jambo litakalokukumbusha mtu unayemfahamu, kosa ni la kumbukumbu yako.

Katika nchi hiyo aliishi fundi cherehani mmoja aitwaye Tabu, mke wa Shamte fundi baiskeli. Jina la Tabu nalitaja kwa hadhari, maana siku hizo lilikuwa limepigwa marufuku. Serikali ilikuwa imegundua kwamba majina kama Tabu, Shida, Masumbuko na Matatizo yanaliongezea taifa msongo wa mawazo, hivyo wenye majina hayo wakatakiwa kufika kwa mtendaji wa kata wapewe mengine. Tabu alikwenda akaandikwa Raha. Aliporudi, majirani waliendelea kumwita Tabu, naye akaendelea kuitika, kwa kuwa kila alipoitwa Raha alidhani anaitwa mtu mwingine.

Yote hayo yalianzia kwenye mgongo wa Rais. Mtukufu Baba wa Pumzi Ndefu, kama alivyopenda kuitwa, alisafiri ng'ambo kuhudhuria mkutano wa njaa, akafikia hoteli ya ufukweni, na huko akakandwa mgongo kwa mawe ya moto na mafuta yanayonukia mlimao. Mgongo uliokuwa ukimsumbua miaka yote ya kukalia kiti kimoja ukalegea. Alishuka kwenye ndege akitabasamu, jambo lililowatia hofu waliokwenda kumpokea, na palepale uwanjani akalitangazia taifa kwamba maradhi hayapo. Kilichopo, alisema, ni watu kujikaza.

Basi Wizara ya Afya ikawa Wizara ya Utulivu. Bohari ya dawa ikafungwa, kazi ambayo haikuwa ngumu, maana ilikuwa tupu tangu zamani na mlinzi wake alikwisha kuhamia shambani. Hospitali zikapakwa rangi ya samawati na kuitwa Vituo vya Utulivu. Mawe ya kukandia yakaagizwa kutoka ng'ambo na kampuni ya shemeji yake Rais. Nchi yenyewe ni mawe matupu, jembe haliingii ardhini, lakini wataalamu walieleza kwamba mawe ya nyumbani yameishi na wananchi muda mrefu mno, nayo yameshaambukizwa msongo.

Hapa lazima nieleze desturi moja ya watu wale, la sivyo hutanielewa. Wao wakisalimiwa hujibu vizuri kwanza. Mtu nyumba yake inaungua, ukimwuliza habari za asubuhi atakujibu nzuri, ila nyumba inaungua, niazime ndoo. Aliyefiwa atasema salama, ila tuna msiba. Kila mtu huko anajua kwamba jibu la kwanza ni la adabu na habari yenyewe inakuja nyuma yake, kwa hiyo humsubiri mwenzake amalize. Lakini wataalamu wa Wizara walikuwa wamesomea mbali na walirudi na haraka zao. Wakatunga Kanuni ya Kinywa: mgonjwa asipimwe damu wala mkojo, maana huko ni kumdhalilisha. Aulizwe habari yake kistaarabu, na jibu lake la kwanza lichukuliwe kuwa ndio ukweli wa kitabibu.

Mwaka huohuo taifa zima likapona. Wajumbe kutoka mataifa mengine walikuja kuuchunguza muujiza huo. Waliwasalimia watu sokoni na mashambani, wakajibiwa, wakaondoka wameridhika.

Sasa tuje kwa Shamte. Alikuwa na ngiri ya siku nyingi. Ikishuka, hujilaza chali, akairudisha taratibu kwa kiganja, akainuka akaendelea na kazi. Asubuhi moja alinyanyua guta la mteja, lile la magurudumu matatu la kubebea mizigo, ngiri ikashuka. Akajilaza kama kawaida. Ikagoma kurudi. Adhuhuri ilipofika pale kwenye kinena palikuwa pamevimba na kuwa pagumu, na alikuwa akitapika hata maji.

Tabu alipoona hivyo alijua kinachokuja. Baba yake mdogo alikufa vilevile: ngiri iligoma asubuhi, wakamwambia apumzike, jioni wakawa wanatafuta sanda. Hakusubiri kuambiwa. Alimpakia mumewe kwenye guta lilelile lililomponza na kulisukuma mwenyewe hadi Kituo cha Utulivu cha Wilaya, ambako chini ya rangi ya samawati bado ungeweza kusoma neno Hospitali ukisogea karibu.

Getini alisimama Mkaguzi wa Mabega. Kazi yake ilikuwa kupima kwa rula nafasi iliyopo kati ya sikio na bega la kila anayeingia. Shamte, aliyekuwa amejikunja kwenye guta mithili ya nguo chafu, alipita bila pingamizi, kwani mabega yake yalikuwa yamelegea kabisa. Tabu ndiye aliyezuiwa.

"Mama, mabega yako yako juu," alinong'ona Mkaguzi. Kituoni hapo kila mtu alinong'ona kwa amri.

"Nimesukuma guta, mwanangu. Nimetoka nalo mbali."

"Mabega ya namna hii sisi tunayaita ya uchochezi. Utakandwa kwanza."

"Mgonjwa ni mume wangu."

"Naye atahudumiwa. Tunaanza na wewe kwa sababu wewe ndiye unayehatarisha usalama."

Akina dada wawili wenye mikono ya nguvu wakamwingiza chumbani, wakamlaza kifudifudi na kuanza kumkanda. Na hapa sitamsingizia Tabu: alipendezwa. Mgongo wake ulikuwa umeinamia cherehani tangu usichana, na hakuna mtu aliyewahi kuugusa isipokuwa kuulizia nguo iko tayari lini. Vidole vya wale dada viliingia penye kila fundo, mafuta yakanukia, kope zikawa nzito. Alianza kusinzia. Kisha akasikia mumewe anatapika upande wa pili wa pazia, akashtuka na kujichukia kwa ule usingizi, akachomoka kitandani mafuta yakimtiririka.

Alimkuta Shamte kwenye Chumba cha Pumzi, akifundishwa kuvuta hewa hadi tumboni. Kila akivuta, tumbo lilimkata, na kila akiguna mwalimu alimpongeza kwa kuachia hisia zake. Mbele yake akaja Afisa Mthibitishaji, Bwana Pazi Mkwizu, aliyevaa kanzu nyeupe na kushika kalamu. Bwana Pazi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa utaratibu, na hiyo ni hali inayoweza kumpata yeyote.

"Habari za matibabu, mzee wangu?" aliuliza kwa upole kabisa.

"Nzuri, bwana mkubwa," alijibu Shamte. "Ila—"

Kalamu ilikuwa imeshaandika. Bwana Pazi alikwisha kumgeukia mgonjwa wa pili.

"Hajamaliza," alisema Tabu. "Tafadhali, baba, msikilize mpaka mwisho."

"Hukuulizwa wewe, mama. Kanuni inalinda kinywa cha mgonjwa. Zamani madaktari waliwasemea wagonjwa, ndugu waliwasemea, kila mtu aliwasemea. Leo mgonjwa anajisemea mwenyewe. Huo ndio ukombozi."

Shamte akahamishiwa Chumba cha Vidole. Huko alikaa kwenye stuli ndogo mwanamke aliyekuwa akiwasugua wagonjwa nyayo, na huyo alikuwa Daktari Sikitu Mpangala, mpasuaji pekee wa wilaya nzima. Mwaka utulivu ulipotangazwa walimpangia miguu, wakisema mikono yake ina historia ya kutisha watu. Daktari Sikitu alishika unyayo wa Shamte, akamtazama usoni, akauacha unyayo, akapeleka mkono kwenye kinena.

"Imeanza lini?"

"Asubuhi," alisema Tabu.

Daktari alivuta pumzi ndefu, na safari hii haikuwa ya mazoezi. "Utumbo umenaswa humu ndani na damu haipiti. Lazima apasuliwe kabla jua halijazama. Likizama, utumbo utaoza, na atakufa nao."

"Basi mpasue, mwanangu. Unangoja nini?"

"Kisu kimeainishwa kuwa tiba ya hasira. Siruhusiwi kukishika mpaka Mthibitishaji aandike kwamba mgonjwa mwenyewe kakiri hali yake ni mbaya. Nikigusa bila hivyo, mimi ni mfungwa na chumba kitapigwa kufuli. Visu vyenyewe viko jikoni, wanakatia matango ya kuwafunika watu macho." Alishusha sauti zaidi. "Mama, usinielewe vibaya. Kukandwa ni kuzuri. Mimi mwenyewe mgongo ukinilemea hukandwa, na ninalala vizuri. Lakini utumbo ulionaswa haubembelezwi. Mwambie mzee aseme neno moja tu."

Tabu alipiga magoti kando ya mumewe.

"Baba Kibibi, nisikilize. Yule afisa akirudi akikuuliza habari, mjibu mbaya."

Shamte alimtazama kana kwamba kaambiwa avue nguo sokoni. "Nimwambie mtu mbaya?"

"Ndiyo. Mbaya. Halafu nyamaza."

"Nitaanzaje, Mama Kibibi? Mtu kaniuliza vizuri, kwa heshima zake, mimi nimtupie mbaya usoni? Mama yangu hakunilea hivyo."

"Mama yako yuko kaburini, na wewe utamkuta leo."

"Nitajibu nzuri, kisha nitaeleza."

"Hawangoji ueleze."

"Basi hawana adabu," alisema Shamte, na maumivu yakamkata tena. "Lakini hiyo ni aibu yao. Isiwe yangu pia."

Tabu alitamani kumpiga na kumkumbatia kwa wakati mmoja. Ni kwa upole huohuo alimpenda tangu siku alipompelekea kanyagio la cherehani alitengeneze, na Shamte akaomba radhi kwa kanyagio kuvunjika, wakati hakulivunja yeye. Leo upole huo ulikuwa unamuua mbele ya macho yake.

Mthibitishaji alipita baada ya mafuta. "Habari za vidole, mzee?" Shamte alimtazama mkewe, akafumba macho, akakusanya ujasiri wote aliojaliwa, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akamjibu mtu kwa ukali.

"Si haba," alisema.

Bwana Pazi alifurahi sana. Akaandika kwamba mgonjwa ameanza kuona tofauti.

Alipita tena baada ya udi. "Habari za harufu?" Shamte alikuwa amedhoofu mno hata akausahau ule ukali. "Tunamshukuru Mungu," alisema, na Bwana Pazi akawaeleza wanafunzi waliomfuata kwamba shukrani ni dalili ya juu kabisa ya kupona, juu kuliko hata kutembea. Akaagiza mzee apewe cheti cha daraja la kwanza, kisha apelekwe Ukumbi wa Mawe akawe mfano, kwa sababu Mheshimiwa Waziri wa Utulivu alikuwa njiani kuja kuuzindua.

Ukumbi wa Mawe ndio uliokuwa chumba cha upasuaji. Kitanda kilikuwa kilekile, na ile taa kubwa ya juu ilikuwa imefunikwa kitambaa cha zambarau. Walimlaza Shamte hapo, wakampangia mawe ya vuguvugu kifuani na kumfunika macho kwa vipande vya tango. Pembeni walipangwa wagonjwa wengine: bibi mwenye mawe magotini, kijana mwenye kikohozi aliyeamriwa akohoe kwa mdundo, mjamzito aliyekuwa akiimbiwa. Jua lilikuwa limeshaanza kushuka dirishani. Tabu hakuliondolea macho.

Waziri aliingia na msafara wake na redio ya taifa, iliyokuwa ikitangaza moja kwa moja. Mheshimiwa Lutengano Bwile alikuwa mtu mnene, mchangamfu, aliyepewa udokta wa heshima na chuo alichokifungua mwenyewe.

"Ndugu wananchi," alianza, "taifa letu lina maadui watatu. Adui wa kwanza ni bega. Adui wa pili ni taya. Adui wa tatu ni pumzi fupi. Wakoloni walituletea kidonge na sindano ili tuwategemee. Sisi tumesema hapana. Leo tunajitegemea kwa mafuta yetu wenyewe, ambayo tumeyaagiza sisi wenyewe, kwa ndege yetu wenyewe, kutoka ng'ambo." Makofi yakapigwa, taratibu, kama kanuni ilivyoelekeza. "Wapo wanaouliza dawa ziko wapi. Nawajibu: anayeuliza dawa ziko wapi huyo bado hajapumua vizuri."

Kisha akasogea kwenye kitanda cha Shamte na kumpelekea kipaza sauti mdomoni.

"Na huyu ndiye bingwa wetu wa daraja la kwanza. Habari yako, mzee?"

Waziri angeweza kuwa mtoto wake wa kuzaa, lakini Shamte, akiwa na tango machoni, alijitahidi kuinua kichwa.

"Shikamoo, mheshimiwa," alisema kwa sauti iliyokwisha. "Nzuri. Ila, mheshimiwa, kama ungeweza..."

Kipaza sauti kilikuwa kimeshaondoka na makofi yameshafunika yaliyobaki. Waziri, kwa ile furaha ya mtu ambaye mambo yanamnyookea hewani, akamgeukia mwanamke aliyesimama miguuni mwa kitanda.

"Na mama yetu hapa, mke wa bingwa. Habari za nyumbani?"

Tabu aliufungua mdomo, na ndani ya mdomo neno nzuri lilikuwa tayari limesimama. Lilikuwepo hapo tangu alipojifunza kusema. Mama yake alilisema siku paa liling'olewa na upepo, na nyanya yake alilisema akiwa kitandani kwa mara ya mwisho. Alilisukuma pembeni, na kazi hiyo ilikuwa nzito kuliko kusukuma guta.

"Shikamoo, mheshimiwa," alisema. "Mbaya."

Mtangazaji wa redio aliitazama mashine yake akidhani imeharibika.

Waziri akacheka kidogo. "Mama anatania. Habari za nyumbani, mama?"

"Mbaya, mheshimiwa. Mume wangu anakufa hapo mbele yako. Sina ila ya kuongeza."

Bwana Pazi aliinua kalamu, akaishusha, akaiinua tena. Hakuna mahali alipofundishwa pa kuandika jibu la namna hiyo. Na kabla hajapata pa kuliweka, bibi mwenye mawe magotini aliuliza kwa adabu kama naye anaruhusiwa kusalimiwa upya. Hakuna aliyemjibu, akajisalimia mwenyewe. "Yangu pia mbaya," alisema. Kijana akaacha kukohoa kwa mdundo, akakohoa anavyojua, na katikati akasema mbaya. Mjamzito akawaomba wanaomwimbia watulie, akasema yake ni mbaya tangu juzi. Yote hayo yakawa yanakwenda nchi nzima, vibandani na majikoni, kwa sauti safi.

Daktari Sikitu alikuwa ameshapenya hadi mbele, mikono yake ingali na mafuta ya miguu.

"Mheshimiwa, imetamkwa mbele yako," alisema. "Niendelee?"

"Endelea," alisema Waziri, ambaye wakati huo alichotaka ni mlango tu. "Endelea na chochote. Zimeni hiyo redio."

Visu vikatolewa jikoni vikachemshwa. Dawa ya usingizi ikapatikana kwenye chupa ya mafuta ya waridi, alimoificha Daktari mwenyewe. Kitambaa cha zambarau kikavutwa, taa ikawaka, na Tabu akatolewa nje, ambako alikaa chini ukutani na kulia kwa sauti ya juu, kinyume cha sheria. Mkaguzi wa Mabega alimkaribia na rula yake, akamtazama, akaenda kukaa mbali.

Shamte alipona. Kipande cha utumbo kilikwisha kuharibika, kikakatwa; uliobaki uliwahiwa. Alipozinduka, jambo la kwanza alilotaka kulijua ni kama ni kweli.

"Umemjibu Waziri mbaya?"

"Nimemjibu."

"Na redio ilikuwepo?"

"Ilikuwepo."

Alifumba macho kwa aibu na hakumsemesha mkewe hadi alipoletewa uji. Alipoonja uji alimshika mkono, akaushikilia muda mrefu.

Taarifa ya habari ilieleza kwamba wananchi wa wilaya hiyo walikuwa wametulia kiasi cha kuanza kufanya mizaha na viongozi wao. Lakini ule mzaha ulikuwa umeshasambaa. Wiki ile maafisa waliokwenda vijijini kuuliza habari walijibiwa kwa shikamoo, wakakaribishwa viti, wakapewa maji ya kunywa, wakaambiwa mbaya. Takwimu za taifa, zilizokuwa safi kama maji ya mvua, zikaanza kuugua.

Baraza la Mawaziri likakutana kwa dharura. Walikandwa kwanza, kisha wakajadili. Baadhi walitaka dawa zirudishwe, wakaulizwa kama wamelala vibaya. Hatimaye chanzo cha tatizo kikabainika, na usisahau kwamba wataalamu wale walisomea mbali. Walipochunguza kila tukio la kuugua lililoripotiwa, waligundua kwamba lilitanguliwa na salamu. Mahali ambapo hapakuwa na kiongozi aliyemsalimia mtu, hapakuripotiwa ugonjwa. Wakakata kauli: viongozi waache kusalimia. Magari yakaagizwa mapya yenye vioo vyeusi visivyoshuka, na msafara ukipita, upite kwa kasi ya kutosha kumwepusha mwananchi na kishawishi cha kuongea. Tangu hapo taifa likapona kwa mara ya pili, na hadi leo ni zima.

Shamte amerudi kwenye baiskeli zake, pembeni mwa barabara kuu, na Tabu ameweka cherehani yake karibu naye ili amzuie kunyanyua vitu. Msafara ukipita, Shamte huweka spana chini, husimama kwa taabu huku ameshika mshono wake, na kuinua mkono. "Shikamoo, mheshimiwa," huviambia vile vioo vyeusi, kisha vumbi humfunika.

Siku moja, baada ya vumbi kutua, hakuiokota spana.

"Mama Kibibi," akauliza, "hivi tuliwakosea nini hawa watu hata hawatusalimii?"

Tabu hakuacha kushona.

"Wanaogopa tutawajibu," alisema.